Fonografu na silinda za nta: soma hii kabla hujatoa hela

Silinda ya kwanza, yani rekodi ya muziki ya kizamani, niliyowahi kupiga maishani niliiua mwenyewe. Niliinunua kwenye soko la vitu vya zamani hapa Pennsylvania, nyeusi inang'aa, ipo ndani ya kopo lake la karatasi ngumu lenye picha ya Edison, nikafika nayo nyumbani nikaivesha kwenye Amberola 30, mashine ya Edison ya kupigia silinda, niliyokuwa nimeinunua wiki hiyo hiyo, nikaachia breki, wakaanza kuimba wanaume wanne kwa sauti tamu ajabu, mi nimekaa pale chini nasikiliza hata chai nimeisahau. Ilivyoisha nikaona kuna vumbi jeusi limejaa chini ya sindano. Lile vumbi ndo wimbo wenyewe. Mashine ile ina sindano ya almasi, silinda ile ilikuwa ya nta, na almasi ikipita kwenye nta ni sawa na jembe kwenye udongo uliolowa. Niliipiga tena mara ya pili, nusu ya sauti haipo, imebaki kukwaruza tu. Kitu kimekaa zaidi ya miaka 100, kimehama nyumba sijui ngapi, kimepita vita viwili vya dunia kizima, mi nikakimaliza kwa dakika nne. Iliniuma na bado inaniuma.

Kwa hiyo naandika hii kwa ndugu yangu yeyote anayetaka kuanza, uwe upo huku nje au nyumbani. Ukishika kitu kimoja tu katika yote ntakayosema shika hiki: mashine inatengenezeka, silinda haitengenezeki. Springi ikikatika utapata nyingine, pembe ikibonyea fundi atainyoosha, mbao ikipasuka utagundisha, lakini mfereji wa sauti ukishachimbwa umeenda. Maamuzi yote ya nini ununue, upige wapi, uweke wapi, yanaanzia hapo.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini maana nyumbani watu wengi ukisema gramafoni wanaona lile sahani jeusi, santuri ya 78, zile alizorekodi Siti binti Saad alivyopelekwa Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya rekodi ya HMV. Ile ni teknolojia ya pili. Fonografu ni kaka mkubwa wake. Edison aliitengeneza 1877 pale Menlo Park, New Jersey, ya kwanza ilikuwa inarekodi kwenye karatasi ya bati, haidumu, baadaye akina Chichester Bell na Charles Tainter wakaleta wazo la kuchonga sauti kwenye nta, na kuanzia miaka ya 1890 mpaka Edison alivyofunga biashara ya rekodi 1929 watu walikuwa wananunua silinda, yani kitu cha mviringo chenye tundu katikati, urefu kama sentimita 11 na upana kama 5 na nusu, ukikishika ni kama bilauri ndogo isiyo na kitako. Na yule mbwa wa nembo ya HMV, kwenye picha ya kwanza kabisa aliyochora Francis Barraud alikuwa anasikiliza fonografu ya silinda, kampuni ya gramafoni ilivyotaka kuinunua 1899 ikabidi mchoraji apake rangi juu yake achore gramafoni ya sahani. Kila nikiiona ile nembo naikumbuka mashine iliyofunikwa.

Sasa, usinunue mashine kabla hujajifunza silinda. Najua mashine ndo inavutia macho, pembe linang'aa, mbao ya mwaloni, herufi za dhahabu, lakini ukijua silinda utajua mwenyewe mashine gani inakufaa.

Zipo za nta na zipo za seluloidi, yani plastiki ya zamani, huo ndo mgawanyo mkubwa. Za nta za zamani kabisa ni za kahawia, rangi ya sabuni ya mche ilokauka, hazina jina popote, ukitaka kujua wimbo gani inabidi usikilize mwanzo maana kuna mtu anatangaza kwa sauti kubwa jina la wimbo, nani anaimba na kampuni gani. Hizi ni laini mno. Wakati ule hamna namna ya kuzitoa nakala kwa wingi, kwa hiyo mwimbaji anawekewa mashine kadhaa mbele yake anaimba, zinabadilishwa silinda, anaimba tena, wimbo huo huo siku nzima. Mwaka 1902 Edison akaleta za kufyatua kwenye kalibu, anaziita Gold Moulded, nyeusi, ngumu kidogo kuliko za kahawia, ukingo mmoja umekatwa mshazari na baada ya muda wakaanza kuandika jina la wimbo pale ukingoni. Hizi zinacheza dakika mbili, kwa mizunguko 160 kwa dakika, mifereji 100 kwa kila inchi. Halafu 1908 ikaja Amberol, nyeusi vile vile, nta vile vile, ila mifereji imebanwa ikawa 200 kwa inchi kwa hiyo inacheza dakika nne, ukingoni utaona imeandikwa 4M. Hii ndo ile niliyoiua. Ni dhaifu kuliko zote, mfereji mwembamba halafu nta inavunjika kama kaukau.

Za seluloidi ndo mkombozi. Blue Amberol ilitoka 1912, rangi ya bluu iliyokolea, dakika nne, ngozi ya seluloidi juu na ndani ni plasta kama ile ya kufungia mtu aliyevunjika mguu. Inavumilia. Zile za 1912 hadi 1914 zina sauti safi zaidi, maana baada ya moto mkubwa uliochoma kiwanda cha Edison pale West Orange Desemba 1914 wakawa wanarekodi kwenye sahani kwanza halafu wanahamishia kwenye silinda, ukisikiliza kwa makini unaisikia ile sauti kama mtu anaimba yupo chumba cha pili. Zipo na za kampuni nyingine, Indestructible ya Albany, New York, ilianza 1907, ndani yake ni bomba la karatasi ngumu na pete za chuma pande zote mbili, hata ikianguka kwenye zulia inaokotwa inapigwa.

Ukikutana na silinda huijui, ichungulie ndani. Plasta nyeupe, karatasi yenye pete za chuma, au nta tupu mpaka ndani. Kwa hilo tu ushajua karibu kila kitu. Na usiamini kopo, watu wamebadilishana makopo kwa miaka 100, unakuta kopo limeandikwa bendi ndani kuna mtu anahutubia. Amini kilichoandikwa kwenye ukingo wa silinda yenyewe.

Jinsi ya kuishika: vidole viwili vinaingia ndani ya tundu, unavitanua kama alama ya ushindi, unainua. Usiguse uso hata kidogo. Mafuta ya mkono ni chakula cha ukungu. Na kama silinda ya nta imetoka kwenye baridi, labda ilikuwa kwenye buti ya gari wakati wa baridi huku au imetoka posta, iache kopo lake limefungwa masaa mengi ipate joto la chumba taratibu, maana ukiikimbilia na kidole chenye joto inapasuka kwa mlio mmoja mdogo tu, tap, basi. Joto nalo ni hivyo hivyo, gari iliyopaki juani inaipinda nta ikawa kama mhogo.

Na ukungu. Utaona madoa meupe au kijivu kama unga juu ya nta. Wauzaji wengi watakwambia hilo ni vumbi, futa tu. Sio vumbi. Ule ukungu umeshakula nta, hata ukiufuta shimo linabaki na utasikia ngurumo badala ya wimbo. Silinda ya nta yenye madoa usinunue kwa bei ya silinda nzima, na usiichanganye na zako nyingine. Usijaribu spiriti wala kemikali yoyote, brashi laini kavu inatosha, na mara nyingi hata hiyo isipite.

Hapa niseme na ndugu zangu wa pwani moja kwa moja. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu wa hewa ni mwingi na joto ni la mwaka mzima. Kwa maoni yangu usianze na nta kabisa. Anza na seluloidi. Na hata Blue Amberol ujue plasta yake inafura ikinywa unyevu, ukiivesha kwenye mandreli, ile ngoma inayoizungusha silinda, inagoma katikati ya njia, na mtu akiilazimisha ngozi inapasuka, kwa hiyo hifadhi kwenye kabati kavu na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vibadilishe mara kwa mara. Za Indestructible kwa sababu hazina plasta ndo ningezichagua mimi kama ningekuwa naishi Tanga leo. Kote kote silinda inakaa imesimama ndani ya kopo lake, hailazwi.

Tuje kwenye kichwa cha sauti, wakusanyaji wanakiita riprodyusa, hiki kidude cha mviringo kinachobeba sindano na kiwambo, yani ngozi nyembamba inayotetemeka kutoa sauti. Hapa ndo silinda zinapofia. Edison alikuwa anavipa herufi. Model C ni ya dakika mbili, sindano yake ni yakuti samawi iliyochongwa kama kitasa cha mlango. Model H ni ya dakika nne, yakuti pia lakini ndogo zaidi. Model K ina sindano mbili unazigeuza, moja ya dakika mbili moja ya dakika nne. Halafu kuna za almasi, Diamond B, Diamond C na wenzake, hizo ni kwa ajili ya Blue Amberol. Sasa sikiliza vizuri. Almasi haigusi nta, kamwe, hata kwa kujaribu, hata sekunde kumi. Sindano ya dakika mbili haipigi silinda ya dakika nne, ni nene, inabomoa kuta za mifereji. Na yakuti yoyote kabla haijagusa silinda iangalie kwa lenzi ya fundi saa, ikiwa imemeguka hata kidogo ule mmeguko ni patasi. Hata kwa za kahawia mimi kwa sasa sizipigi kwa Model C, uzito wake naona ni mwingi kwa kitu laini hivyo, nimeziacha zikae.

Ndani ya riprodyusa kuna pete za mpira zinazoshika kiwambo, baada ya miaka 100 zimekuwa ngumu kama mfupa na sauti inakuwa ya bati, inapiga kelele za juu tu. Watu wengi wanasema eti sauti ya fonografu ni mbaya, hapana, wamesikia mpira uliokufa. Kuna mafundi wanazibadilisha, unawatumia kwa posta, na tofauti utakayoisikia ni kubwa kuliko hela yoyote utakayotumia kwenye mashine.

Ukishajua hayo, mashine inajichagua. Zipo njia mbili nzuri za kuanza kwa maoni yangu.

Ya kwanza ni Amberola 30, iliyoingia sokoni 1915, kabati dogo la mbao, pembe lipo ndani, halionekani. Inapiga za dakika nne tu, na ina almasi, kwa hiyo wewe unanunua Blue Amberol tu na huna cha kufikiria zaidi. Namba 30 ndo bei yake ya wakati ule, dola 30, na Amberola 50 na 75 hivyo hivyo. Haina pembe la nje kwa hiyo wengi wanaikimbia na bei yake inabaki ya kawaida. Yangu inapiga mpaka leo, na nta haijasogea karibu yake tena.

Ya pili ni Edison Standard. Hii ndo Toyota ya fonografu, ilianza 1898, ikauzwa dola 20, zilitengenezwa nyingi sana kwa hiyo spea zipo. Mdogo wake ni Gem ya 1899 iliyoanzia dola 7 na senti 50, kazuri ila kana nguvu kidogo, kaka zake ni Home ya dola 30 na Triumph ya dola 50 yenye springi tatu. Upande wa kampuni ya Columbia kuna Graphophone, ile inaitwa Eagle ya 1897 iliuzwa dola 10, na jina lilitokana na sarafu ya dhahabu ya dola 10 ya Marekani iliyoitwa hivyo hivyo, tai. Ni nyepesi, chuma kipo wazi unaona kila kitu kinachozunguka, watoto wangu wanaipenda kuliko zote. Ukikutana na za Pathé ya Ufaransa ni nzuri sana kwa macho lakini walikuwa na saizi zao nyingine pana zaidi, anayeanza atapata tabu ya silinda.

Kama Standard uliyoiona ni ya kuanzia 1908 au imefungiwa gia baadaye inaweza kupiga dakika mbili na dakika nne, utaona kitufe kidogo upande wa mandreli cha kubadilisha. Muhimu, gia na riprodyusa vinaenda pamoja. Ukibadilisha gia bila kubadilisha riprodyusa umeharibu.

Ukiwa mezani kwa muuzaji fanya hivi. Muombe kwa heshima uichomoe riprodyusa, iweke pembeni, sindano isiguse kitu. Tia ufunguo taratibu kwa hendeli, raundi chache tu, sikiliza. Ikigonga ndani, dum, dum, ukiwa unatia au inapozunguka, ni grisi ya zamani imeganda kwenye springi, sio ugonjwa wa kufa lakini ni kazi ya fundi na bei ishuke. Achia breki. Mandreli izunguke laini, isipande isishuke kasi. Halafu shusha mkono unaobeba riprodyusa uone kama unatembea kutoka kushoto mpaka mwisho kulia, maana kwenye silinda sio mfereji unaovuta sindano kama kwenye santuri, ni skrubu ndefu ndo inausukuma mkono, na meno ya ile nusu nati inayoshika skrubu yakilika mkono unasimama na neno moja linajirudia rudia mpaka limechimbika. Hiyo ni hatari kwa silinda kuliko inavyoonekana. Angalia kama riprodyusa ni ya mashine ile kweli. Mwisho kabisa ndo uangalie mbao na rangi.

Usiamini tarehe. Kile kibati cha kwenye mashine kina orodha ya tarehe za hataza, muuzaji anasoma ya kwanza anakwambia hii mashine ni ya miaka hiyo, hapana, zile ni tarehe za uvumbuzi, mashine yenyewe ni ya baada ya tarehe ya mwisho kabisa pale.

Na kuna hizi gramafoni za kubuni, hasa za sahani, pembe la shaba jipya kabisa linang'aa kama sinia la harusi, boksi la pembe nane, kibati kikubwa cha HMV cha njano mbele, nyingi zimeungwa huko India kwa kuchanganya mashine ya gramafoni ya mkononi na mbao mpya. Zimejaa Dubai, Unguja kwenye maduka ya watalii, mpaka huku mtandaoni. Kama unataka pambo la sebuleni sawa, nunua kwa bei ya pambo. Ila ukiambiwa ni ya mwaka 1900 unauziwa mbuzi kwenye gunia. Pembe la kweli la zamani lina makovu, kingo zake ni nyembamba, na chuma cha ndani kimechoka sawa na mbao ilivyochoka.

Bei siwezi kukupa ya kila mahali. Standard yangu ilikuja kamili na pembe dogo la inchi 14 nikalipa dola 420, Blue Amberol za kawaida nanunua kwa dola 5 mpaka 10 moja nikinunua sanduku zima. Pale mwanzo usilipie pembe kubwa lile la umbo la ua, linaongeza hela nyingi na haliongezi silinda hata moja.

Kama unanunua kwa kutumiwa, andika kabisa kwa muuzaji kabla hujalipa: riprodyusa itolewe ifungwe peke yake, pembe kwenye boksi lake, mfuniko wa mashine ufungwe kamba, boksi ndani ya boksi. Silinda zibaki kwenye makopo na zisizungushiwe kitu chochote cha kugusa uso. Kuna muuzaji mmoja alinitumia silinda 12 za nta kaziviringisha kwenye gazeti ndani ya boksi moja jepesi, zikafika 5 nzima. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo tu kwenye simu, sikuandika. Tangu siku hiyo naandika.

Springi usiifungue mwenyewe. Imelala ndani ya kikombe chake na nguvu zote, ikichomoka inakata vidole. Kazi yako wewe ni oili nyepesi tone moja moja kwenye vyuma vinavyozunguka na kwenye ile pedi ya gavana, kile kidude kinachodhibiti kasi, na mkanda wa ngozi ukilegea ubadilishwe. Kupima kasi bandika kikaratasi kwenye mandreli, hesabu kwa sekunde 15, zikifika raundi 40 uko kwenye 160. Za kahawia nyingi zilirekodiwa taratibu zaidi ya hapo, ukizipiga 160 waimbaji wanakuwa kama watoto.

Ukivesha silinda, ncha yenye jina inakaa upande wako, nje, maana tundu limechongwa kama faneli, upande mmoja mpana. Isukume kwa upole mpaka ishike, usigonge, usilazimishe. Acha izunguke kwanza ndo ushushe sindano. Ikiisha inua mkono kabla hujaitoa. Usiache springi imejaa usiku kucha.

Kabla hujatumia hela kwenye nyimbo, sikiliza bure. Chuo Kikuu cha California pale Santa Barbara kimeziweka mtandaoni silinda zaidi ya 10,000, unaandika jina unasikiliza. Mi ile niliyoiua niliikuta pale, nakala nyingine ya wimbo ule ule, nzima, na kwa kweli nililia kidogo kwa furaha. Pale utajua unapenda nini, bendi za mtaani, opera, vichekesho, hotuba. Na niseme kitu ambacho watu wengi hawakisemi: utakutana na nyimbo nyingi za kuwadhihaki watu weusi, ndo zilikuwa biashara kubwa wakati ule, majina yake tu yanatosha kukuharibia siku. Mi sizinunui kwa kusikiliza. Lakini ndani ya biashara ile ile alikuwepo George W. Johnson, mzaliwa wa Virginia enzi za utumwa, alikuwa anapiga mluzi na kuimba mitaani New York akiomba senti, na kuanzia 1890 akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kupata umaarufu kwa rekodi, kwa kicheko chake, akikiimba upya mara maelfu kwa sababu hamna nakala. Nyimbo alizopewa nyingine zinaumiza. Sauti yake ni ya kwake. Na wapo vijana wa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, waliorekodi nyimbo za kiroho kwa Edison zikatoka kwenye silinda, hizo nikiziona nanunua bila kupatana bei sana.

Ukikuta silinda ya kahawia ina kikaratasi kimeandikwa kwa mkono, jina la mtu, tarehe, usiipige. Hiyo inaweza kuwa rekodi ya nyumbani, mtu karekodi familia yake, ni moja tu duniani. Tafuta maktaba au mtaalamu mwenye mashine ya kisasa isiyokandamiza.

Na hapo ndo penye utamu wenyewe, fonografu kama Standard inarekodi pia. Ndo maana wasomi waliibeba kila mahali. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alitembea nayo kutoka Lindi mpaka Masasi na Newala akirekodi watu wanaimba, na silinda zake zimo kwenye hifadhi ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa 1900 na kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia 1999. Babu zetu wa kusini wamo kwenye nta kule Berlin.

Wapo mafundi wachache mpaka leo wanatengeneza silinda tupu za nta ya kahawia, na kifaa cha kurekodia cha Edison kinaingia pale pale panapokaa riprodyusa. Mama yangu alivyokuja kunitembelea kutoka Muheza nilimkalisha mbele ya pembe jembamba, pembe pana halifai kurekodia. Nta ipashe kidogo, joto la chumba chenye jua linatosha. Mdomo uwe karibu na pembe kama kiganja kimoja, aongee kwa sauti ya kumuita mtu aliye ng'ambo ya uwanja, isiwe ya kupiga kelele maana kiwambo kinaruka. Una dakika mbili. Wakati inachonga zitatoka nyuzi nyembamba za nta, zipulize taratibu au zipitishie brashi laini zisirudi kwenye mfereji. Mama akasema, "Mwanangu, sasa haka kakopo ndo katanibeba mimi?" na lile swali limo ndani, linasikika vizuri kabisa.

Ukimaliza, rekodi na simu wakati unaipiga mara ya kwanza, simu karibu na mdomo wa pembe, ili usilazimike kuipiga tena na tena. Andika kwenye kikaratasi jina, tarehe na mahali, weka ndani ya kopo, funga mfuniko, isimamishe kabatini.